Jua la Chupa

Nikiwa mtu mzima mwenye masharubu, mwajiriwa wa serikali na mhitimu wa shule ya usiku, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Mzungu wa kituo cha hali ya hewa hapa Tabora alikuwa anachota jua letu na kulipeleka Ulaya.

Msicheke mapema, wajukuu zangu. Nyinyi mnaosomea uganga mna vitabu vyenye picha za rangi. Sisi enzi za Mwingereza tulikuwa na macho tu, na macho yaliona hivi. Kule uwanja wa ndege, kwenye kituo hicho, palikuwa na mpira wa kioo, mzito, umekaa juu ya nguzo. Jua likiupiga, mwanga wote unajikusanya upande wa pili na kuwa nukta moja kali, na nukta hiyo inaunguza ukanda wa karatasi uliowekwa nyuma yake. Jua likisogea, alama ya kuungua nayo inasogea. Jioni Mzungu anakuja na kaptura yake, anauchomoa ule ukanda, anautia kwenye bahasha, anaweka mwingine. Bahasha zinakwenda stesheni na kupanda gari moshi. Sasa jaribu kumwambia mtu wa mtaa wetu wa Mtendeni kwamba Mzungu mwenye akili zake anasafirisha karatasi zilizoungua. Hakubali. Lazima ndani ya bahasha kuna kitu, na kitu chenyewe ni hicho kilichounguza.

Wapakizi wa stesheni waliapa kwamba bahasha zile ukizishika zina joto. Mmoja alituonyesha kidole chenye lengelenge. Baadaye nilisikia alikuwa amejimwagia chai, lakini wakati huo habari ilikuwa imeshafika Sikonge na kurudi ikiwa imenenepa.

Kisha likaja la chupa. Pale zahanati tulikuwa tunaletewa mafuta ya samaki, dawa ya watoto wenye matege. Mafuta yenyewe manjano, yanang'aa. Nikachukua chupa moja tupu hadi shule ya usiku. Mwalimu wetu akavaa miwani, akakisoma kibandiko cha Kiingereza, akatutafsiria: "Ina vitamini ya jua." Tukaangaliana. Kumbe ndiko linakokwenda. Linachukuliwa kwetu bure, linatiwa ndani ya samaki, linarudi kwetu limefungwa kizibo.

Mtu angeweza kuniuliza, mbona jua la Tabora halipungui? Nilikuwa na jibu. Lilikuwa linapungua. Wazee wote walikuwa wakisema jua la zamani lilikuwa kali zaidi.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa watoto wa mji huu wakati ule.

Kazi yangu iliitwa udresa. Daktari alikuwa hospitali, na sisi madresa tulikaa kwenye zahanati ndogo ya mjini tukiosha vidonda, tukigawa kwinini, tukifunga bandeji. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Matayo, Mnyamwezi wa porini Ulyankulu, mtu mrefu aliyeweza kusimama mlangoni na zahanati nzima ikaingia giza. Kwa kufunga bandeji sijaona wa kumfikia. Angekufunga kidole, ukaenda kulima, ukanyeshewa, ukacheza ngoma siku mbili mfululizo, bandeji ikarudi Jumatatu kama ilivyotoka.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuyatambua matege. Hakunifundisha kutazama miguu. "Miguu kila mtu anaiona," alisema. "Wewe shika kifundo cha mkono." Na kweli, kifundo cha mtoto mwenye matege kinakuwa kinene, kana kwamba amevaa bangili chini ya ngozi. Ukipitisha vidole mbavuni unakuta vinundu vimepangana kama shanga. Paji la uso limejitokeza, meno yamechelewa, kichwa kinatoa jasho hata wakati wa baridi, na mtoto hataki kusimama. Hayo yashikeni, hayajabadilika tangu siku hizo hadi leo.

Lakini mwulize Mzee Matayo matege yanatoka wapi.

"Yanatoka mjini," alijibu.

"Mjini wapi, mzee?"

"Mjini humu humu. Baba yangu alikuwa mpagazi, Yohana. Alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na nguo kutoka Bagamoyo mpaka hapa, na mara nyingine wakampitiliza mpaka Ujiji. Jua kichwani, mchana kutwa. Miguu yake ilikuwa imenyooka kama bunduki mbili. Umemwona wapi mpagazi mwenye matege?"

"Sijamwona."

"Kwa nini hujamwona?"

Nikafikiri. Nikasema, "Kwa sababu walikuwa wanatembea sana?"

"Kwa sababu ya mzigo," akasema Mzee Matayo, kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia. "Mzigo kichwani unainyoosha miguu. Watoto wa mjini hawabebi kitu."

Mnaona? Jibu alikuwa ameshalitaja mwenyewe na kulipita, kama mtu anayetafuta kofia iliyo kichwani mwake. Na mimi mhitimu nikaitikia kwa kichwa. Ikawa mama akileta mtoto mwenye matege, mimi nampa mafuta, Mzee Matayo anamshauri amtwike mtoto kifurushi cha karanga. Mama anarudi nyumbani na dawa mbili, na mtoto anatutazama wote wawili kama tumerogwa.

Kuhusu kumnywesha mtoto mafuta ya samaki, hapo nina digrii. Mafuta yale yananuka kama soko la samaki lililofungwa wiki nzima. Paka walikuwa wananifuata hadi nyumbani, na mke wangu alinitambua kabla sijapiga hodi. Kosa la kwanza la kila dresa mpya ni kumlaza mtoto chali, kumbana pua na kummiminia. Msifanye hivyo kamwe. Mtoto analia, anavuta pumzi, mafuta yanakwenda mapafuni, na sasa una wagonjwa wawili ndani ya mtoto mmoja. Mkalishe. Mpe kijiko kidogo akiwa ametulia, upande wa shavu, kisha mpe kipande cha chungwa kabla hajajua kilichompata. Na usimpe kijiko cha ziada kwa huruma. Mafuta hayatoki kwa mkojo, yanakaa mwilini, na yakizidi yanadhuru. Mzee Matayo alijaribu kuyanywa kama togwa ili aongeze nguvu, akashikwa na kichwa kikali akakaa nyumbani akimsingizia jirani yake uchawi.

Sasa nije kwa Rukia, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike.

Baba yake, Mzee Seif, alikuwa mfanyabiashara wa nta na karanga, wa zile familia za Kimanga, Waarabu wa Omani, ambazo mababu zao walikuja na misafara na hawakurudi tena. Nyumba yao ilikuwa kubwa, mlango wa mninga, kuta nene, madirisha ya mbao yaliyofungwa siku zote. Alikuja zahanati mwenyewe, kanzu nyeupe, akasimama nyuma ya foleni kama mtu wa kawaida. Hapo nilijua ana jambo zito, kwa sababu Mzee Seif hakuwa mtu wa nyuma ya foleni.

"Shikamoo, Mzee Seif."

"Marahaba, Bwana Yohana. Nina mtoto. Hasimami."

"Ana umri gani?"

Akatazama chini. "Wenzake wanakimbiza kuku."

Ilinibidi nimfuate nyumbani, maana mama yake Mzee Seif, Bibi Ghaniya, hakukubali mjukuu atolewe mlangoni. Walikuwa wameshazika watoto wawili, na bibi alikuwa na hakika kwamba wote wawili waliuawa na macho ya watu. Huyu wa tatu alimfungia ndani tangu siku ya kuzaliwa. Alipochelewa kusimama, majirani wakaanza kunong'ona, na bibi akaona lo, si niliwaambia, akamfungia zaidi.

Mimi mwanamume, tena si jamaa, nilikaa sebuleni. Ndani kulikuwa na pazia zito, na nyuma ya pazia wanawake. Mikono yenye hina ikatokea katikati ya pazia ikanikabidhi mtoto, kama unavyopokea mkate kwenye tanuri. Rukia alikuwa na macho makubwa na rangi ya karatasi. Nikashika kifundo cha mkono: bangili. Nikapitisha vidole mbavuni: shanga. Miguu ilikuwa imeanza kupinda. Nilipotaka kumsimamisha, alilishika shati langu kwa ngumi zote mbili, hakulia, akanitazama tu.

"We dresa," sauti ya Bibi Ghaniya ikatoka nyuma ya pazia, "atatembea hatembei?"

"Atatembea, Bibi."

"Unasema kwa kujua au unasema ili uondoke?"

"Kwa kujua, Bibi. Nimehitimu."

"Umehitimu nini?"

"Shule ya usiku."

Nikasikia wanawake wengine wanacheka kwa chinichini, na bibi akasema, "Haya. Na ya mchana utaanza lini?"

Nikampa mafuta. Nikaeleza kijiko, chungwa, kukaa wima. Nikaondoka na kifua mbele. Mwezi ukaisha, mtoto vile vile; baadaye sana nilijua kwamba mafuta mengi alikuwa akiyatema kwenye kanga ya mama yake. Miezi ikaongezeka, mtoto vile vile, na miguu imepinda zaidi. Mzee Seif alikuwa anakuja kila wiki, anasimama nyuma ya foleni, ananitazama. Hakuwahi kunilaumu. Ingekuwa afadhali anilaumu.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi kupita kiasi. Nikajiuliza: kama jua limo ndani ya chupa, na chupa zimesafiri baharini, zimekaa ghalani Dar es Salaam, zimepanda gari moshi siku ngapi sijui, je, jua lile si litakuwa limepoa? Hata kaa la moto linapoa. Mafuta yalikuwa yanakuja kwenye chupa za kahawia, za giza, na mimi nikaona wazi kwamba huo ni ujanja: wametuwekea giza ili lisiingie jua jipya. Nikayamimina kwenye chupa nyeupe, nikazipanga juu ya bati la zahanati, vizibo nimelegeza ili zipate hewa. Ziliwaka pale juu kama taa za mjini. Watu walipita wakisimama kutazama. Nilikuwa nachaji dawa, wajukuu zangu, kabla betri za kuchaji hazijafika Tabora.

Mzee Matayo alikuja akanusa. "Yananuka zaidi," akasema.

"Ni nguvu hiyo, mzee."

"Aa," akasema, akarudi kwenye bandeji zake.

Hilo halikunitosha. Nikaukumbuka ule mpira wa uwanjani. Kama kioo kinakusanya jua mpaka linaunguza karatasi, basi mtoto akiwekwa nyuma ya kioo atalipata jua lililokusanywa, zito, la daraja la kwanza. Na asitolewe nje; jicho la watu, nilimwapia Bibi Ghaniya, halipenyi kioo. Nikaona nimepata dawa inayowaridhisha wote: daktari, Mungu na Bibi Ghaniya. Nikamwambia Mzee Seif aondoe mbao za dirisha moja linaloelekea njiani na aweke kioo. Akaagiza vioo kutoka Dar es Salaam. Vilikuja vimefungwa kwenye majani makavu, akavipokea stesheni mwenyewe na kuvisindikiza nyumbani kama maharusi. Siku ya kuvifunga nilivisugua kwa gazeti mpaka nzi wakawa wanajigonga.

Rukia akawekwa pale kila asubuhi. Jua linaingia, joto linaingia, mtoto anatoa jasho, anacheka. Kwa mara ya kwanza aliona mtaa: punda, baiskeli zilizobeba asali, wanawake na ndoo. Nilipita njiani nikampungia, naye akanipungia. Nilijisikia kama mimi ndiye niliyeliumba jua.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu mjukuu wangu Neema, mwenzenu chuoni, amenisomea haya niliyoandika akaniambia, "Babu, lakini hata hiyo vitamini si vitamini hasa."

Nikamwuliza, "Sasa ni nini?"

"Ni homoni. Au tuseme inakuja kuwa homoni."

Akanieleza mchana kutwa. Kwamba ngozini mwetu kuna kitu ndugu wa lehemu, yaani kolesteroli, hiyo hiyo mnayowakataza wazee wasile. Jua likikipiga, kinageuka. Kinasafiri na damu hadi kwenye ini, ini linakigeuza mara nyingine. Kinakwenda kwenye figo, figo zinakigeuza tena. Hapo ndipo kinapokuwa na nguvu, kinakwenda kuyaambia matumbo yafyonze kalisi ya kujengea mifupa. Na umbo lake, Neema anasema, ni la ukoo mmoja na homoni za kiume na za kike, na zile zinazotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo.

"Ukoo mmoja na zinazootesha ndevu?" nikauliza.

"Ukoo tu, Babu. Kazi tofauti."

Nikashika kidevu. Nimewanywesha watoto wa kike wa Tabora nzima mafuta hayo, na mpaka leo sijakutana na mmoja mwenye ndevu, kwa hiyo namwamini. Lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza kuzunguka. Anasema watafiti wa siku hizi wanakuta sehemu za kuipokea homoni hiyo karibu kila mahali: kwenye misuli, kwenye chembe za kinga, mpaka kwenye ubongo. Nikasema basi ni dawa ya kila kitu. Akasema hapana, hapo ndipo wanapobishana. Kukuta mlango si kukuta mtu anaingia. Mtu aliyepungukiwa akiongezewa anafaidika, hilo halina ubishi, hasa mifupa. Mtu aliyenayo ya kutosha akimeza vidonge zaidi, mara nyingi haonekani kupata kitu, na akizidisha anaharibu figo. Nikamwambia, mwanangu, sisi tulichanganyikiwa kwa kukosa majibu, nyinyi mmechanganyikiwa kwa kuwa nayo mengi. Tofauti yetu ni mvi tu. Akacheka akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika ini upande mmoja na figo upande mwingine, sijui nianze kumshukuru nani.

Turudi dirishani.

Kosa la lile dirisha halikuwa kwamba halikusaidia tu. Rukia alipouona mtaa aliutamani. Akaanza kujivuta kwenye kizingiti cha dirisha, asimame, aone zaidi. Mifupa ilikuwa laini, na sasa ilikuwa inabeba mwili. Kila wiki miguu ilizidi kupinda, na mimi nilipita njiani nikasema, ameanza kusimama, dawa imeshika. Asubuhi moja punda alilia karibu na dirisha, mtoto akajinyoosha kumwona, akateleza. Alianguka kutoka urefu wa mtoto mwenyewe, juu ya mkeka. Mtoto mwingine angeinuka. Yeye mfupa wa ugoko ulipinda na kupasuka upande mmoja, kama kijiti kibichi.

Mzee Seif hakusimama nyuma ya foleni siku hiyo. Alifika mbele, akasema, "Bwana Yohana, nakuomba kwa jina la Mungu, mtoto wangu anakatika."

Nilitaka wampeleke hospitali. Bibi Ghaniya akakataa katakata. Ndipo nikaenda mwenyewe kumwita Nesi Kulwa, mkunga wa hospitali, binti wa Kinyamwezi aliyesoma kweli, mchana, miaka mingi, na mwenye ulimi ambao madresa wote tuliukwepa. Yeye ni mwanamke; pazia halikuwa ukuta kwake. Akaja na baiskeli, kofia nyeupe kichwani, akanikuta sebuleni na chupa zangu.

"Hii nini, kaka Yohana?"

"Mafuta ya samaki. Nimeyaongezea jua."

"Umeyafanya nini?"

Nikamweleza kuhusu bati la zahanati. Akafungua kizibo, akanusa, akakirudisha taratibu sana. "Umeyakaanga," akasema. "Dawa yote iliyokuwamo umeiua kwa jua na hewa. Chupa ya kahawia unadhani waliipenda rangi?" Akafunua pazia akaingia.

Mimi na Mzee Seif tukabaki tumekaa, tunasikiliza. Tulimsikia mtoto akilia, halafu akinyamaza. Tulisikia vibao vya mguu vinafungwa, kitambaa kinachanwa. Halafu hatua za Kulwa zinazunguka ndani ya nyumba, mlango hadi mlango, mahali ambapo mimi sijakanyaga. Zikasimama.

"Huu ua," sauti yake ikasema, "mbona giza?"

Mzee Seif akajibu kupitia pazia, kwa haya. "Tumeuezeka mabati. Magunia ya karanga yasinyeshewe."

"Wote?"

"Wote."

"Kwa hiyo mtoto huyu, tangu kuzaliwa, jua halijamgusa. Na mama yake, alipokuwa na mimba yake?"

Sauti ya mama yake Rukia, niliyokuwa sijawahi kuisikia, ikasema polepole, "Mimi pia."

Kulwa alipozungumza tena hakuwa na ukali. "Bibi," akasema, "mguu utaunga, na daktari atauona, nitakuja kumchukua mimi mwenyewe na kumrudisha mimi mwenyewe. Miguu ya mtoto inaweza kunyooka kadiri anavyokua. Ila huyu ni mtoto wa kike. Mifupa ikiendelea kuwa laini, nyonga nayo inakaa vibaya, na siku ya kujifungua mtoto hapiti."

Nikangoja Bibi Ghaniya aje juu. Hakuja juu. Akasema kwa sauti ndogo kuliko niliyoizoea, "Dada yangu alikwenda hivyo. Siku tatu."

Mzee Seif alikuwa ameshika ukingo wa kanzu yake.

Nitawaambia ya Rukia kabisa sasa, ili msije mkasoma kurasa zilizobaki kwa roho juu. Mfupa uliunga. Alipata mafuta mapya, ya chupa ya kahawia, mama yake naye akapewa. Alitembea akiwa amechelewa kuliko watoto wote wa Mtendeni, na alipoanza hakuwa na breki. Kuku wa mtaa mzima walikonda. Mguu wa kushoto ulibaki na upinde mdogo ambao ukimjua unauona na usipomjua huuoni. Na wakati ulipofika alijifungua salama. Siku ile nilikaa barazani na Mzee Seif toka asubuhi, yeye na tasbihi, mimi na kofia yangu mkononi nikiizungusha, mpaka tuliposikia mtoto analia ndani, na mzee yule akanishika bega.

Lakini asubuhi ya mguu uliovunjika hakuna aliyejua hayo. Mimi nilichojua ni kwamba dawa yangu imekaangwa na mtoto amevunjika mbele ya kioo nilichokisugua kwa mikono yangu, na bado sikuelewa. Nikauliza pazia: "Nesi, lakini alikuwa anapata jua. Dirishani. Kila siku. Alikuwa anatoa jasho."

"Alikuwa anapata joto," pazia likajibu. "Joto na mwanga vinapita kwenye kioo. Kile ngozi inachokitaka hakipiti, kioo kinakizuia. Hapo dirishani alikuwa gizani, kaka Yohana, ila giza lenye mwanga."

"Basi niondoe mabati ya uani," Mzee Seif akasema, ameshasimama. "Leo hii."

"Na watu wakimwona?" Bibi Ghaniya akauliza.

"Kuta zenu hizi, Bibi?" Kulwa akajibu. "Nani atamwona kutoka juu, kunguru?"

Bibi akaguna. Kwa Bibi Ghaniya kuguna kulikuwa ndiyo.

"Mabati mangapi?" Mzee Seif akauliza.

"Yanayotosha jua kufika mkekani. Asubuhi avuliwe nguo, akae hapo mama akichambua mchele. Mchele ukiisha, mrudisheni kivulini. Na mama naye ajifunue mikono na miguu, yuko kwake."

"Na nafasi ya mabati, niweke vioo? Mvua isiingie."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo.

"Usiweke kitu," akasema Kulwa.

Nikaona nimeachwa nyuma, kila mtu ameelewa isipokuwa mimi na masharubu yangu. Nikakusanya ujasiri. "Nesi. Na ule mpira wa kioo wa uwanja wa ndege? Zile bahasha?"

Pazia likafunguka, Kulwa akatoa kichwa, akanitazama ili ahakikishe kwamba sifanyi mzaha. Akaona sifanyi.

"Unapima jua limewaka muda gani kwa siku," akasema. "Hauchoti kitu. Halijaenda popote, wala kwenye chupa halimo. Ngozi ya mtoto ndiyo inayojitengenezea dawa, likiipiga. Jua lote liko pale pale, juu ya hayo mabati. Hebu tafuta ngazi."